Crown ya zamani: rimu kwanza au injini?

Swali: Nina Toyota Crown Athlete ya 2005, V6 ya lita 2.5. Ikisimama kwenye foleni inatetemeka. Nataka kuishusha na kuivalisha rimu za inchi 19. Nianzie wapi?

Jibu: Injini kwanza, ndugu yangu, rimu hazitoroki. Injini yako hiyo, 4GR-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haiziogeshi vali za kuingizia hewa. Masizi huganda hapo mwaka hadi mwaka, hewa ikapita kwa shida, na mtetemo unaousema ni dalili yake ya kawaida. Kagua plagi na koili kabla ya yote. Zikiwa nzima, fundi afungue manifoldi ya hewa asafishe vali zenyewe. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko, hata muuzaji aape. Mnyororo wa taimingi nao unataka oili safi tu.

Kuishusha? Kwa matuta yetu, mimi ningeiacha. Ukishikilia, badilisha bushi zilizochoka, nunua springi fupi na shokapu zinazoendana nazo, kisha ukapige alaimenti. Fundi akishika msumeno akate springi, ondoka na gari lako. Na kwa rimu, inchi 18 zinatosha.