Magaíça na Manamba

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazee mliokwisha kupita shuleni hapa,

Mashairi mengi yaletwayo katika kurasa hizi humsifu mfanyakazi: kazi ni heshima, jasho ni baraka, na kadhalika. Vina vimepangwa vema. Lakini mfanyakazi mwenyewe simwoni ndani yake. Hana chombo mkononi, hana ujira, wala hana deni dukani. Mimi naona shairi la dhiki husimama juu ya neno lililozaliwa kazini. Nitatoa maneno mawili.

Noémia de Sousa, mshairi wa Msumbiji aliyezaliwa mwaka 1926, aliandika kwa Kireno, na karibu mashairi yake yote ni ya miaka ya 1948 hata 1951. Moja aliliita "Magaíça". Hilo silo neno la Kireno. Ndivyo walivyoitwa huko kusini watu waliokwenda kuchimba migodini Afrika ya Kusini na kurudi. Angaliweza kuandika "mfanyakazi", na msomaji asingaliona kitu. Magaíça ni neno lenye treni ndani yake, na masanduku, na kifua kinachokohoa. (Mashairi hayo hayakutoka kitabuni hata 2001, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake.)

Nasi wa kaskazini tunalo neno letu. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, wengine wakikimbia kilimo cha pamba cha lazima kilichoanza 1938. Huko mashambani kibarua wa mkataba aliitwa manamba, maana aliandikwa kwa namba. Alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja mpaka kipande kijae. Nimejaribu ubeti mmoja:

Jina halikuwatosha, leo ninaitwa namba,
Mto umenivukisha, kwetu nimeacha shamba,
Mkonge umenichosha, mikono imenivimba,
Mwezi nao umekwisha, kipande hakijajaa.

Hesabuni mizani: 16 kila mstari, nane kwa nane. Kina cha mwisho kimebadilika katika kituo, jambo lililo halali. Tena tazameni, neno "dhuluma" halimo. Nililitia kwanza, nikaliondoa, kwa kuwa mwezi uliokwisha na kadi isiyojaa vyasema zaidi, na mwenye shamba hawezi kuvikana. Hesabu ni yake mwenyewe.

Sasa zoezi kwa toleo lijalo. Kuanzia 2019 baadhi ya wavuvi wa rasi ya Afungi, karibu na Palma, walihamishiwa Quitunda ili kupisha mradi wa gesi. Mvuvi aliyezoea kuamka na kuona maji, sasa bahari i mbali na mlango wake. Safari ile ya kuifuata bahari wenyewe wanaiitaje? Atakayetunga na aende kwanza kuwauliza, kisha ndipo atafute vina.