Andiko la sola linaanzia kwenye SMS za LUKU

Andiko langu la kwanza la kufunga sola lilikuwa na kurasa 14. Lilikuwa na jalada la rangi, jedwali la volti na ampea, na kurasa tatu za historia ya kampuni ambayo wakati huo ilikuwa mimi, fundi mmoja na bajaji ya kukodi. Nililipeleka kwa mwalimu mstaafu anayeishi Chang'ombe, Temeke, Dar es Salaam, mitaa ya nyuma ya chuo cha VETA. Akalipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Sasa mwanangu, friza langu litawaka?"

Jibu lilikuwepo, ukurasa wa 9, limejificha kwenye jedwali. Kazi siku ile sikuipata.

Kosa halikuwa wingi wa kurasa peke yake. Andiko lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na umeme, na Chang'ombe si kijiji kisicho na nguzo. Pembeni ya uwanja wa Benjamin Mkapa, kwenye hosteli za wanafunzi wa chuo cha DUCE, kwa mafundi samani wa Keko, kila mahali kuna mita ya LUKU ukutani. Kwenye kijiji kama hicho sola inashindana na koroboi. Huku inashindana na shirika la umeme, TANESCO, na mteja anajua bei ya uniti kama anavyojua bei ya unga.

Hata ile silaha ya zamani ya mauzo, mgao, imeingia kutu. Waliokuwepo mwaka 2006 na 2011 wanakumbuka ratiba za kukatiwa umeme zikichapishwa magazetini, na mwaka 2023 hali ikajirudia. Lakini mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, uliwashwa Februari 2024. Mitambo yote ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Fundi anayeingia kwa mtu leo na hadithi ya "nchi haina umeme" anaonekana hajasikiliza habari. Kinachokata umeme mtaani sasa mara nyingi ni transfoma iliyoelemewa, waya uliodondoka, au mvua ya masika. Andiko liseme hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, mteja huombwa kitu kimoja: SMS za LUKU za miezi mitatu. Ziko kwenye simu yake tayari. Kila moja inaonyesha uniti alizopata na makato yote: VAT, asilimia 3 ya wakala wa umeme vijijini, REA, asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, na kodi ya jengo ambayo tangu 2021 inakusanywa humo humo. Meseji hizo zinasema mengi kuliko mahojiano ya saa nzima. Zinaonyesha pia mteja yuko daraja gani, na hapo ndipo hesabu yote inapogeukia.

Mtumiaji mdogo, yule wa D1 asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hata akimaliza zote 75, bili yake, bila kodi ya jengo, haifiki Sh 10,000. Hakuna mfumo wa sola wa mamilioni utakaorudisha gharama kwa akiba ya elfu kumi kwa mwezi, na anayemwambia vinginevyo anamdanganya. Mtu huyo anahitaji andiko fupi la taa, feni na chaja za simu siku umeme ukikatika, basi. Wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa Sh 292, na ukijumlisha VAT na tozo anafika karibu Sh 356 kwa uniti. Kwake hesabu inaanza kuwa na maana, ingawa si kubwa kama matangazo yanavyodai.

Mwalimu alikuwa T1. Nilirudi kwake wiki mbili baadaye, nikaamkia, nikaomba SMS badala ya kutoa karatasi. Wastani wake ulikuwa uniti 210 kwa mwezi. Tukazunguka nyumba pamoja na daftari, tukichagua vya kuhamishia kwenye jua. Friza, kwa kukadiria, uniti 1.8 kwa siku. Feni mbili za wati 60, saa nane kila moja: uniti moja hivi. Taa za LED na televisheni: nusu uniti. Jumla 3.3 kwa siku. Paneli moja ya wati 550, kwa jua la Dar es Salaam na ukiondoa kinachopotea kwenye joto, vumbi na waya, hutoa kama uniti mbili kwa siku nzuri. Paneli mbili zinamtosha. Siku za mawingu mazito ya Aprili zinaweza kutoa nusu yake, na hapo TANESCO inajazia.

Juu ya paa napo kuna maneno ya kuandika. Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, kiasi cha maji ya mvua kuteremka na vumbi. Kila paneli ina uzito unaokaribia kilo 28, kwa hiyo kenchi za mbao zikaguliwe kabla ya kupatana bei. Kwa mwalimu kulikuwa na mwembe upande wa magharibi na mnara wa tanki la maji. Kivuli cha tanki kikigusa paneli moja tu, zile zilizounganishwa nayo kwa mfululizo zinashuka pamoja nayo. Nilichora paa kwa kalamu, nikaonyesha kivuli cha saa tisa alasiri kinapoangukia. Mchoro ule ulimvutia kuliko jalada la rangi, kwa sababu mwembe ulikuwa wake.

Halafu ikaja hesabu ya pesa, sehemu ambayo waandishi wengi wa maandiko huipamba. Uniti 99 kwa mwezi zikihamia kwenye jua, mwalimu anaokoa kama Sh 35,000. Mfumo wake, pamoja na betri ya lithiamu na ufundi, nilimkadiria milioni nne na nusu. Gawanya: ni miaka inayokaribia 11. Niliiandika hivyo hivyo, bila kuizungusha.

Kilichomshawishi kilitoka kinywani mwake. Friza lile halikuwa la nyumbani tu. Alikuwa akiuza barafu za ukwaju na samaki wa soko la Feri kwa majirani. Nilipomuuliza umeme ukikatika usiku kucha hupoteza nini, akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Mwezi mmoja alitupa samaki mara mbili, kila mara mzigo wa Sh 85,000. Hiyo ni akiba ya LUKU ya karibu miezi mitano, imekwenda jalalani. Sentensi hiyo ndiyo iliyofungua ukurasa wa kwanza wa andiko jipya, kwa maneno yake, na namba zake.

Andiko hilo lilikuwa na kurasa mbili. Juu kabisa: tatizo la mteja. Chini yake orodha mbili zinazotazamana, VITAWAKA na HAVITAWAKA. Kushoto friza, feni, taa, televisheni, chaja. Kulia pasi, jagi la umeme, hita ya maji, jiko. Inveta ya wati 1,500 haiwezi kubeba jagi la wati 2,000, na pasi ya wati 1,200 ikikutana na friza linapoanza kuunguruma, mfumo unajizima. Mafundi wengi huiogopa orodha ya kulia wakidhani inaua biashara. Inafanya kinyume chake, maana mteja akiona umemwambia kisichowezekana, anaanza kuyaamini uliyoyaandika kushoto.

Ukurasa wa pili ni wa mikataba midogo midogo: bei ya kila kifaa na ya ufundi zikiwa zimetenganishwa, aina na ukubwa wa betri, dhamana ya kila kitu na nani atakayeitekeleza, namba ya leseni ya EWURA ya anayefunga, na malipo kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya wiki mbili za majaribio. Uandike pia kwamba misumari ya paa itapita kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, na kila tundu litakuwa na mpira wake. Mwenye nyumba wa Temeke aliyewahi kuvujiwa atausoma mstari huo mara mbili.

Nyumba za wapangaji zina andiko la namna yake. Vyumba sita, LUKU moja, na ugomvi wa nani ana friji. Humo anayeshawishiwa ni mwenye nyumba, lakini watakaotumia ni wengine, hivyo andiko lazima liseme ni vyumba vipi vimeunganishwa, na mchango wa kila chumba unabadilikaje. Usipoandika, utaitwa kusuluhisha.

Mwalimu hakusaini siku hiyo. Alipiga picha kurasa zote mbili akamtumia mwanawe kwa WhatsApp, kwa kuwa nusu ya pesa ingetoka kwake. Kijana akapiga simu usiku akauliza maswali matatu, yote kuhusu betri. Keshokutwa yake advansi ikaingia.

Masika yaliyofuata mwalimu alinipigia saa mbili usiku. Mtaa mzima ulikuwa giza, na kwake pia. Mjukuu alichomeka pasi anyooshe sare za shule. Nikaanza kumwelekeza namna ya kuiwasha upya inveta, akanikatisha: ameshaiwasha. Alikuwa amesimama mbele ya friza, ambapo ameibandika ile karatasi kwa selotepu, na mjukuu alikuwa anasomeshwa orodha ya kulia kwa sauti.