Gunia la Maziwa ya Unga Limepitia Wapi?

Kila kiangazi swali moja hurudi katika vikao vyetu hapa Kiandutu: je, kikundi cha yogati kinunue maziwa ya unga? Maziwa ya ng'ombe yanapungua, bei inapanda, halafu jioni anakuja mtu na pikipiki akisema ana unga wa bei nafuu.

Sisi tulishawahi kumsikiliza mtu kama huyo. Tukachanga pesa, tukanunua magunia mawili ya kilo 25. Lebo ilikuwa imekatwa kwa wembe na hakuna aliyeuliza ni kwa nini. Tulikoroga, tukachemsha, tukapoza hadi vuguvugu, tukatia yogati ya kuanzishia na kufunika sufuria kwa blanketi kama kawaida. Asubuhi tukakuta kitu kama uji wa mgonjwa. Tukajaribu tena, ikawa vilevile. Mama mmoja alikuwa ametoa pesa za karo. Yule wa pikipiki, simu yake haipatikani hadi leo.

Baadaye jirani aliyewahi kufanya kazi kiwandani alionja unga ule akatuambia huenda haukuwa maziwa kamili. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza, na ndiyo sababu ya somo hili.

Maziwa ya ng'ombe, karibu sehemu 87 kwa kila 100 ni maji. Ukiyaondoa maji hayo unabaki na unga. Lakini unga mweupe si wa aina moja. Kuna wenye mafuta yake yote ya maziwa, ambao kwa kawaida una mafuta sehemu 26 au zaidi katika 100. Kuna uliotolewa mafuta. Kuna uliotolewa mafuta ya maziwa ukatiwa mafuta ya mimea, na huo huuzwa rahisi zaidi. Tena kuna unga wa yale maji yanayobaki jibini ikitengenezwa. Huu wa mwisho ni chakula halali, na waokaji wa mikate na biskuti huutumia. Lakini ile protini inayogandisha yogati imebaki kwenye jibini. Hata ukifunika sufuria kwa blanketi tatu, haitaganda. Kwa macho aina hizi zote zinafanana, kwa hiyo lebo iliyokatwa ni jambo kubwa kuliko tulivyodhani.

Sasa tufuate safari ya gunia. Hapa Kenya biashara ya maziwa husimamiwa na Bodi ya Maziwa, iliyoundwa mwaka 1958. Anayeagiza unga kutoka nje ni lazima awe na leseni ya Bodi na kibali cha shehena yenyewe, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi ulikotengenezwa. Shirika la viwango, KEBS, nalo lina masharti yake. Masharti haya si ya kusumbua watu tu. Mwaka 2008 huko China watu walitia melamini, dawa ya kutengenezea plastiki, katika maziwa yaliyoongezwa maji ili kipimo cha protini kidanganyike. Watoto wachanga 6 walikufa na karibu 300,000 wakaugua.

Halafu kuna ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza forodha ya pamoja mwaka 2005, na unga wa maziwa kutoka nje ya Jumuiya uliwekewa ushuru wa asilimia 60 ili kuwakinga wafugaji wetu. Tupige hesabu. Tuseme gunia limefika Mombasa likiwa na thamani ya shilingi 10,000 pamoja na nauli na bima. Ushuru ni 6,000. Tayari ni 16,000, kabla ya ada nyingine, lori la kuja Thika na faida ya mwenye duka. Basi mtu akikuletea gunia la namna hiyo mlangoni kwa 9,000, usifurahie kwanza. Aidha ushuru haukulipwa, au muda umepita, au si maziwa unayofikiria.

Mtu atasema, “Unatoka Uganda, hauna ushuru.” Inawezekana. Mbarara wanatengeneza unga mzuri, na bidhaa za Jumuiya zenye cheti cha asili hazilipi ushuru huo. Hata hivyo kibali cha Bodi bado kinatakiwa. Mwambie akuonyeshe karatasi.

Masharti hubadilika pia. Mwaka 2017, wakati wa ukame, serikali iliruhusu tani 9,000 ziingie bila ushuru. Machi 2023 mambo yakageuka, Bodi ikasimamisha uagizaji ili mfugaji asikose soko mvua zikinyesha. Wazee wanakumbuka enzi za KCC, ambapo maziwa ya ziada ya msimu wa mvua yalikaushwa humu humu nchini na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa akili nzuri, ingawa KCC yenyewe iliwachelewesha wafugaji malipo mpaka wengi wakakata tamaa. Kwa hiyo uliza ofisi ya Bodi hali ikoje wiki hiyo unayotaka kununua, usitegemee ulichosikia mwaka jana.

Kuna hesabu nyingine ambayo vikundi vingi husahau. Lita moja ya maziwa kamili huhitaji unga wa gramu 130 hivi. Gunia la kilo 25 basi ni lita 190 au zaidi kidogo. Tuseme umelinunua 19,000: kila lita imekugharimu shilingi 100, bila kuni wala maji. Linganisha na bei ya mfugaji wa karibu kabla ya kufungua kibeti. Sisi siku hizi tunanunua maziwa mabichi, na unga kidogo tu, vijiko viwili au vitatu kwa lita, wa kuifanya yogati iwe nzito. Tunaununua ukiwa umefungwa na kiwanda, una jina, tarehe na alama ya KEBS, na risiti tunaiweka kwenye faili ya kikundi. Maji ya kukorogea tunayachemsha, maana hapa kwetu mabomba na vyoo viko karibu mno.

Maswali ya kujadiliana: Je, kikundi chenu kina leseni ya Bodi ya kuuza maziwa au yogati, na cheti cha afya cha kaunti? Ni nani kati yenu huenda kununua, na ana ruhusa ya kurudi mikono mitupu akikuta gunia halina lebo? Mkipata hasara, pesa za nani zitatangulia kupotea?