Kupanda Kunachosha, Kushuka Kunaumiza

Ndugu mfanyakazi, labda wewe ni mmoja wa wale wanaokimbia asubuhi mbele ya kwenda kazini. Ni desturi njema. Moyo unapata nguvu, pumzi inaongezeka, na usingizi wa usiku unakuwa mzuri. Siku moja rafiki atakuambia: «Twende tuandike majina yetu katika mbio za barabara, zile za milima.» Utakubali, kwa sababu kupanda hakukuogopeshi.

Fundisho la leo linataka kukuonyesha hatari mahali usipoitazamia. Haiko sana katika kupanda. Iko katika mteremko, na katika siku mbili au tatu zinazofuata, wakati umekwisha kurudi kazini.

MBIO MOJA ILIYO MWALIMU MZURI

Katika Afrika Kusini kuna mbio zinazoitwa Comrades, maana yake «wenzi». Zilianzishwa na Vic Clapham, mwendeshaji wa gari-moshi. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikuwa askari, akatembea kwa miguu mwendo mrefu sana katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Vita ilipokwisha alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa mbio ngumu. Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 waliondoka. Waliofika mwisho ni 16 tu.

Njia inaunganisha Durban, mji wa pwani, na Pietermaritzburg, mji wa milimani. Urefu wake unakaribia kilometa 90. Kwa desturi mwaka mmoja watu wanapanda kutoka baharini, na mwaka mwingine wanashuka kwenda baharini. Milima mikubwa ina majina ambayo kila mkimbiaji wa kule anayajua: Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga na Polly Shortts. Sehemu kubwa ya wanaokimbia si watu wa kulipwa. Ni wafanyakazi kama wewe: wanafanya mazoezi alfajiri, na kisha mbio wanarudi kwenye kazi yao.

Sasa sikiliza. Mgeni anauliza: «Mwaka gani ni rahisi, wa kupanda au wa kushuka?» Yeye mwenyewe anajibu: «Wa kushuka, bila shaka.» Ni kweli kwamba wanaoshuka wanaweza kwenda mbio zaidi. Lakini waulize waliokimbia pande zote mbili. Watakuambia kwamba mwaka wa kupanda wanafika wamechoka, na mwaka wa kushuka wanafika wameumia.

Mzee Wally Hayward alishinda mbio hizo mara 5 kati ya mwaka 1930 na 1954. Mwaka 1988, akiwa na miaka 79, alipanda kwa saa 9 na dakika 44. Mwaka 1989 alirudi akiwa na miaka 80, na safari hii njia ilikuwa ya kushuka. Alifika akiyumba, zikiwa zimebaki dakika zisizotimia 2 mbele ya mlango kufungwa kwa saa 11. Hatusemi mteremko peke yake ulifanya hayo; umri nao una kazi yake. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba mteremko hauhurumii hata mtu aliyezoea.

SABABU NI NINI?

Unapopanda, misuli ya paja inajikunja na kusukuma mwili juu. Kazi ni nzito, moyo unapiga, pumzi inakuwa fupi. Mwili wenyewe unakuonya, nawe unapunguza mwendo.

Unaposhuka, misuli ile ile inafanya kazi ya breki. Kwa kila hatua uzito wa mwili wote unaanguka juu ya mguu mmoja, na paja linauzuia. Msuli unavuta huku unanyoshwa. Ni kama kamba inayozuia wagoni lililojaa mawe katika mtelemko: kamba haikatiki mara moja, lakini nyuzi zake ndogo zinakatika moja moja. Wakati huo pumzi yako iko shwari, moyo umetulia, nawe unafikiri kwamba mambo ni mazuri. Hakuna onyo. Maumivu yanakuja kesho yake, na mara nyingi siku ya pili ndiyo mbaya zaidi.

NAMNA YA KUPITA MLIMA

Wakati wa kupanda:
1. Fupisha hatua. Usitafute kwenda mbio kama kwenye tambarare. Tafuta kutumia nguvu ile ile. Kama huwezi kusema maneno matatu kwa mwenzako, umezidisha.
2. Tembea bila haya pahali pakali. Polly Shortts iko karibu na mwisho wa njia ya kupanda, na huko hata wakimbiaji wazuri wanatembea. Anayetembea kwa akili anafika mbele ya yule aliyekimbia kwa kiburi.

Wakati wa kushuka:
3. Usirushe miguu mbele. Weka hatua fupi na nyepesi, magoti yakunjwe kidogo, kifua kisilale nyuma.
4. Mteremko wa kwanza ushuke polepole kuliko unavyotaka. Nguvu ya mapaja utakayoiacha pale hutaipata tena mbele.

Mbele ya siku ya mbio:
5. Fanya mazoezi ya kushuka. Juma 3 au 4 mbele, tafuta kilima na ukishuke mara chache, bila nguvu nyingi. Misuli iliyoumia kidogo na kupona inajifunza, na safari inayofuata inaumia kidogo zaidi. Anayefanya mazoezi ya kupanda tu amejifunza nusu ya kazi.
6. Kama una homa, usikimbie. Malaria na mbio ndefu havipatani. Pona kwanza, kisha anza tena pole pole.

MAJI: SI KIDOGO, SI KUPITA KIASI

Wengi wanajua hatari ya kukosa maji. Wachache wanajua hatari ya kuyazidisha. Mwaka 1985 waganga wa Afrika Kusini waliandika habari za watu wanne waliougua vikali katika mashindano marefu yaliyopita saa 7. Hawakukosa maji, walikuwa wamekunywa mengi kupita kiasi. Chumvi ya damu ilipungua nguvu, na hapo ubongo unaweza kuvimba.

Mkimbiaji wa polepole ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa kuwa anakaa njiani saa nyingi na anakunywa kila anapoona meza ya maji. Basi unywe unaposikia kiu, si zaidi. Ukiona mwenzako anaumwa kichwa, anatapika, vidole vimevimba na maneno yake hayaeleweki, usimlazimishe kunywa. Mpeleke kwa waganga upesi.

Tena, usimeze dawa za maumivu kama ibuprofen ili umalize mbio. Katika kazi ndefu namna hiyo zinaweza kuumiza figo. Maumivu ni mlinzi, usimfunge kinywa.

Angalia lakini: usichukue sheria hii ya mbio na kuitumia kazini. Kwa kazi ya joto, fuata mafundisho ya usalama ya pahali pako: kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara.

SIKU YA KURUDI KAZINI

Mbio ni siku ya Mungu. Siku ya kwanza unarudi kazini na unatembea vizuri katika tambarare. Halafu unafika kwenye ngazi. Unapanda bila shida. Unapotaka kushuka, goti linakunjika lenyewe, kwa sababu breki ya paja haipo tena. Kama mikono yako imebeba vyombo, utajishika na nini?

Ndiyo maana hatari ya mbio haikuhusu wewe peke yako. Anayeanguka kutoka kwenye ngazi anaweza kumwangukia mwenzake wa chini. Kwa hiyo:
– Mwambie shefu wa ekipi kwamba ulikimbia na mapaja hayana nguvu. Si haya, ni sehemu ya kazi.
– Kwa siku mbili au tatu omba kazi isiyo ya ngazi ndefu wala mizigo.
– Ukishuka, shika chuma cha pembeni, uso ukitazama ngazi kama ni ya wima. Vyombo vishushwe kwa kamba.
– Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, usingoje kesho. Msuli ulioharibika sana unaingiza sumu katika figo. Nenda lopitali siku ile ile.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mkimbiaji hasikii hatari wakati wa kushuka?
2. Utafanya mazoezi gani juma 3 au 4 mbele ya mbio za milima?
3. Mwenzako ametapika njiani na vidole vimevimba. Utampa maji?
4. Leo ni siku ya pili kisha mbio. Kazi yako ni juu ya ngazi. Utamwambia nani, na utamwambia nini?

Kama swali la nne linakupa shida kulijibu, zungumza na shefu wako mbele ya kuandika jina lako.