Kanuni ya PAYE Iandike Mara Moja: Ninavyotumia MathML na XSLT

Katika programu nyingi za mishahara nilizowahi kuzitunza, viwango vya kodi vimezikwa ndani ya msimbo. Mhasibu anayeijua sheria hawezi kuusoma msimbo, na anayeusoma msimbo haijui sheria. Kwa hiyo siku hizi kanuni ya hesabu naiandika nje ya programu, kwenye faili lake la XML.

Tuchukue PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ya Tanzania Bara. Mshahara unaotozwa kodi ukizidi shilingi 520,000 bila kuvuka 760,000, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 520,000. Nafanya hivi:

1. Naandika kanuni kwa Content MathML, ile sehemu ya MathML (lugha ya XML ya kuandikia fomula) inayobeba maana ya fomula badala ya mwonekano wake. Kila tendo hukaa ndani ya apply: kwanza jina la tendo (plus, minus, times), kisha namba ndani ya cn na majina kama "mshahara" ndani ya ci. Ngazi zote za kodi hukaa ndani ya piecewise.

2. Naandika violezo vya XSLT, lugha ya kugeuza faili za XML, kimoja kwa kila tendo. Matokeo ya kila apply nayafunga kwa mabano, kujumlisha na kuzidisha visije vikaingiliana.

3. Kutoka faili hilo moja nazalisha vitu viwili: fomula ya mhasibu kuisoma, na faili la pili la XSLT la kukokotolea mishahara. La pili linahitajika kwa sababu XSLT 1.0 haiwezi kukokotoa fomula iliyoundwa kama maandishi. Elementi ya xsl:namespace-alias ndiyo inayoruhusu XSLT kuzalisha XSLT. Kumbuka, ndani ya XSLT kugawanya huandikwa div.

4. Napima mipakani. Kwa 520,000 kodi iwe 20,000. Kwa 600,000 iwe 36,000. Kwa 760,000 iwe 68,000.

Kwenye pesa, tumia XSLT 2.0 na aina ya xs:decimal. Toleo la 1.0 huhifadhi namba zote kwa mfumo wa nukta inayoelea, na senti zinaweza kupotoka.

Viwango vikibadilishwa na Bunge, faili la kurekebisha ni moja tu. Wewe unayetunza mishahara ya watu, anza na kanuni moja, na mhasibu aisome na kuikubali kabla kompyuta haijaanza kuitumia.