MZIGO WA MWENZIO: JINSI YA KUPANGA MAZOEZI YA VITUO

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii niliijua darasani, lakini maana yake niliipata uwanjani, hapa Katito, siku nilipopewa kazi ya kuwaongoza wenzangu 30 katika mazoezi ya viungo.

Nilipanga haraka haraka: kuchuchumaa mara 50, kuruka kama chura, kisha mbio, sote pamoja, jua likiwaka. Mimi nilimaliza nikicheka. Kumbe nyuma yangu mwanafunzi mmoja mdogo alikuwa ameshikwa na kizunguzungu, anatapika. Tulimlaza kivulini mpaka akapata nafuu. Mwalimu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana, mazoezi haya ulimpangia nani?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa nimejipangia mimi mwenyewe!

Ndipo nikajifunza mazoezi ya vituo. Mtindo huu ulibuniwa na Morgan na Adamson katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka wa 1953. Uzuri wake ni kwamba watu wengi hufanya mazoezi pamoja, lakini kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Haya basi, msomaji mpendwa, shika kalamu tupange.

Kwanza, gawa watu. Watu 30 kwa vituo 6 ni watu 5 kila kituo. Vituo vyetu ni hivi:

1. Kuchuchumaa na kusimama (miguu).
2. Pushapu (kifua na mikono).
3. Mbio za kwenda na kurudi, mita 10 (pumzi na miguu).
4. Kuinama kidogo, mgongo umenyooka, na kuvuta mtungi wa lita 5 wenye maji hadi tumboni (mgongo na mikono). Maji lita 5 ni kilo 5.
5. Kuruka kamba (pumzi na miguu).
6. Kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao (tumbo).

Vifaa ni mitungi 5 na kamba 5, basi. Tazama pia mpangilio: miguu ikichoka, kituo kinachofuata ni cha mikono au tumbo. Hivyo kiungo kimoja kinapumzika huku kingine kikifanya kazi.

Pili, tumia muda, usitumie idadi. Kazi ni sekunde 30, kupumzika na kuhama sekunde 30. Mzunguko mmoja ni dakika 6. Mizunguko mitatu ni dakika 18, na mapumziko mawili ya dakika 2 kati yake yanafanya 22. Ongeza dakika 8 za kupasha mwili moto na 5 za kujinyoosha mwishoni: jumla dakika 35. Kipindi cha michezo kinatosha.

Tatu, kila kituo kiwe na njia rahisi. Asiyeweza pushapu za chini asukume ukuta. Asiyeweza kuruka kamba atembee papo hapo akiinua magoti. Kila mtu aandike idadi yake, na wiki ijayo ashindane na idadi hiyo, si na jirani. Wote wakizoea, kazi iwe sekunde 35 na mapumziko 25.

Nne, usalama. Kagua uwanja, uondoe mawe na vigae vya chupa. Ngoja jua lipungue, na maji ya kunywa yawe karibu. Mwenye pumu awe na dawa yake. Anayesikia kizunguzungu au maumivu ya kifua aache mara moja, na mwalimu aitwe.

Tulipojaribu tena, yule mwenzetu alimaliza mizunguko miwili, akapumzika, akawa mpiga filimbi wa mzunguko wa tatu. Siku hiyo hakuna aliyebaki chini ya mti.

Wanachama wenzangu, ukipewa kuongoza, usiulize kwanza, "Mimi naweza ngapi?" Mtazame yule wa mwisho kwenye mstari, uanze kupanga kutoka kwake.