Ushahidi wa Mkaguzi: Njia ya Kuingia Katika Programu Huria za Blokcheni

Mama yangu alishika daftari la chama cha akina mama cha Makongeni, Thika, kwa miaka mingi, na desturi yao ilikuwa kwamba hesabu ya mwezi haitiwi sahihi mpaka mwanachama wa pili, asiyeshika kalamu, azihesabu fedha kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wenzake. Nilipohamia Ruiru na kuanza kushiriki katika programu huria za blokcheni, nilitambua kwamba kazi hiyo nayo, ijapokuwa watu wake wametawanyika ulimwenguni na aghalabu hawajaonana kwa macho, imesimama juu ya nguzo ile ile: daftari ni la wote, na amana yake hulindwa na shahidi ambaye si mwandishi. Kwa kijana anayeitamani kazi hii na hajui aanzie wapi, haya ndiyo niliyojifunza.

Anza kwa kukagua

Wengi hudhani kwamba mlango wa kuingilia ni kuandika msimbo mpya. Lakini katika mradi kama Bitcoin Core, ambao msimbo wake umeandikwa kwa C++ na sehemu kubwa ya majaribio yake kwa Python, mapendekezo hujaa kuliko wakaguzi, na mgeni anayehitajiwa zaidi ni yule aliye radhi kuisoma kazi ya mwenziwe kwa subira. Chukua nakala ya msimbo, uijenge katika kompyuta yako, uyaendeshe majaribio yote kabla hujagusa lolote. Kisha uchague pendekezo dogo na kuusoma mjadala wake tangu mwanzo, hata uufahamu muradi wake, maana hapana faida kusahihisha herufi za jambo ambalo halikupasa kutendwa.

Ushuhudie ulichokiona

Mkaguzi aliyeridhika huandika “ACK”, yaani nimelikubali, akataja heshi (alama inayokokotolewa kutokana na msimbo wenyewe) ya toleo alilolikagua, na kueleza jinsi alivyolipima. Heshi hiyo ina maana kubwa: ikibadilika herufi moja tu ya msimbo, nayo hubadilika, na kwa hiyo mwandishi akiitengeneza upya kazi yake, ushahidi wa kwanza hauifuati, bali yampasa mkaguzi aisome tena.

Mimi niliijua thamani ya utaratibu huu kwa majuto. Siku moja, matatu ikiwa imekwama katika msongamano wa Barabara Kuu ya Thika, nilisoma kwa simu pendekezo la mradi mdogo wa pochi, nikaliona nadhifu, nikaliidhinisha. Baada ya siku mbili mkaguzi mwingine aliliendesha, akaingiza kiasi cha sifuri, na programu ikaanguka. Hapana fedha iliyopotea, lakini nilikuwa nimelishuhudia jambo nisilolipima.

Hatari ya namna hiyo si ndogo. Mwaka 2016 Bitcoin Core ilipokea badiliko la kuharakisha uhakiki wa bloki, likatoka katika toleo 0.14 mwaka 2017, na ndani yake ukawa umeondolewa ukaguzi wa kuzuia muamala mmoja usitumie fedha ile ile mara mbili. Kuanzia toleo 0.15 kasoro hiyo ingaliweza kumruhusu mchimbaji mwovu kuzalisha sarafu zisizo halali na kuuvunja ukomo wa Bitcoin milioni 21. Wakaguzi hodari waliisoma kazi ile na kasoro ikawapita. Haikugunduliwa mpaka Septemba 2018, ndipo toleo 0.16.3 likatolewa kwa haraka.

Litese pendekezo

Hapa Ruiru tuna mfano wa kuigwa. Mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ulizalishwa ili uweze kustahimili magonjwa ya kahawa ya chulebuni na kutu ya majani, na watafiti wa kituo cha utafiti wa kahawa hawakungoja ugonjwa uje wenyewe, bali waliipaka miche michanga viini vya kuvu kwa makusudi, wapate kuona upi utasimama. Fanya vivyo hivyo na msimbo: ulishe sifuri, kiasi hasi, muamala uliorudiwa, kisha uharibu mstari mmoja uone kama majaribio yatalalamika, kwa kuwa majaribio yanayopita hata msimbo ukiharibika hayalindi kitu.

Ukifika wakati wa kuandika lako, kila badiliko na liwe na kusudi moja. Usichanganye kuhamisha msimbo na kuubadili utendaji wake. Eleza sababu, si tendo pekee. Na ufuatishe jaribio linaloshindwa bila badiliko lako.

Utaje mpaka wako

Juzi usiku nilimaliza kukagua pendekezo lililogusa saini za kidijitali, nikaandika: “Nimelisoma lote na kuyaendesha majaribio; hesabu za saini sikuzipima, maana elimu yangu haijafika huko.” Kulipopambazuka, mtunzaji wa mradi alikuwa amemwomba mjuzi wa hesabu hizo aiangalie sehemu ile. Ndivyo walivyofanya akina mama wa Makongeni: mwanachama aliyewahi kuhesabu noti tu aliandika “noti” kando ya jina lake, na sarafu zikabaki mezani kumngojea mwenziwe.